Safari ndefu ya zana za kubuni chipu hadi chini ya Mlima Meru

Kwenye barabara itokayo Arusha kwenda Moshi kuna mahali ambapo makondakta wa daladala hupaita Philips. Vijana wengi wanaoshuka hapo hawajui kwamba jina hilo lilitokana na kiwanda. Katika miaka ya baada ya uhuru, kampuni ya Philips ya Uholanzi ilikuwa ikiunganisha redio hapa Arusha, na redio hizo zilifika mpaka vijijini, ambako watu walikusanyika jioni kusikiliza taarifa ya habari, salamu na mpira. Wafanyakazi walipokea vijenzi kutoka ng'ambo, wakavitia lehemu kwenye bodi, wakafunga kasha, wakajaribu sauti. Kazi ya mikono ilikuwa yao. Uamuzi wa kijenzi kipi kikae wapi, na kwa sababu gani, ulikuwa umekwisha kufanywa Ulaya kabla shehena haijapakiwa melini.

Philips yenyewe iliendelea mbele. Mwaka 1984, ikishirikiana na ASM International, ilianzisha ASML, kampuni ambayo leo ndiyo pekee duniani inayouza mashine za mwanga za kuchapa chipu ndogo kuliko zote. Mwaka 1987 ilichukua hisa 27.5 kwa mia katika kampuni mpya ya Taiwani iliyoitwa TSMC, chini ya Morris Chang, ambayo leo ndiyo kubwa kuliko zote duniani katika kutengenezea wengine chipu. Basi jina linalotajwa kila siku kwenye daladala za Arusha ni la kampuni iliyosimama kwenye chimbuko la kampuni mbili kubwa za fani hii. Arusha ilikuwa ndani ya mnyororo ule ule tangu mapema, ila ilishika ncha ya mwisho, ile ya kuunganisha. Historia ninayoisimulia hapa ni ya ncha ya mwanzo: nani alishika kalamu ya kubuni, kalamu hiyo ilifungiwaje, na ilifunguliwaje hata mwanafunzi wa hapa Arusha akaweza kuipata bila kulipa senti.

Mwaka 1958 Jack Kilby wa Texas Instruments alionyesha saketi nzima ndani ya kipande kimoja cha semikondakta. Mwaka uliofuata Robert Noyce akapata njia ya kuiunganisha kwenye silikoni kwa namna ambayo kiwanda kingeweza kuirudia. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo, chipu zilibuniwa kwa penseli. Intel ilipotoa 4004 mwaka 1971, yenye transista 2,300, Federico Faggin na wenzake walichora kila tabaka kwa mkono. Michoro hiyo ilikatwa kwa kisu kwenye plastiki nyekundu, ikapigwa picha, ikapunguzwa mara nyingi mpaka ikatosha kwenye silikoni. Kosa la mkono mmoja lingeweza kuharibu miezi ya kazi. Faggin aliacha herufi za jina lake, F.F., pembeni mwa chipu hiyo.

Transista zilipofika makumi ya maelfu, penseli ilishindwa. Hapo maktaba za seli zikashika nafasi, na inafaa tutulie kidogo juu yake, kwa sababu ndiyo moyo wa jambo lote. Fundi mwashi hafinyangi kila tofali upya. Hutumia tofali za kimo kimoja ili safu zake zikae sawa. Seli ya chipu inafuata wazo hilo. Ni kikundi kidogo cha transista kilichochorwa mara moja na mtu mwenye ujuzi, kikapimwa, kikahifadhiwa. Seli moja, iitwayo kigeuzi, hugeuza sifuri kuwa moja na moja kuwa sifuri. Nyingine hulinganisha ishara mbili na kutoa jibu. Nyingine hukumbuka biti moja mpaka saa ya chipu ipige tena. Zote zina kimo kimoja, na zote zina waya wa umeme ukingo wa juu na wa chini, hivyo zikipangwa kwa safu waya hizo hukutana zenyewe. Mbunifu huandika tu chipu inapaswa kufanya nini, na programu ndiyo inayochagua seli, kuzipanga na kuzifungia nyaya.

Ila mchoro peke yake hautoshi. Kila seli inapaswa kuja na jedwali la tabia zake: inachelewa kwa muda gani ikipewa mzigo huu au ule, inakula umeme kiasi gani, inafanyaje kwenye baridi na kwenye joto kali, umeme ukishuka au ukipanda. Bila jedwali hilo programu haiwezi kujua kama chipu itawahi au itachelewa. Namba hizo hutokana na programu nyingine ya kale kuliko nyingi, inayoitwa SPICE.

SPICE ilizaliwa darasani. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1960, mwalimu Ron Rohrer aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika programu ya kuiga tabia ya saketi. Laurence Nagel aliiendeleza chini ya Donald Pederson, na mwaka 1973 SPICE ikatangazwa kwenye mkutano huko Kanada. Pederson alikuwa na msimamo mmoja ambao ulibadilisha fani nzima: programu hiyo igawiwe kwa yeyote anayeitaka. Vyuo na viwanda vikaichukua, vikaitumia, vikairekebisha, vikarudisha marekebisho. Karibu kila programu ya kuiga saketi unayoikuta leo ina damu ya SPICE, na ngspice, ambayo ni huria, ni mjukuu wake wa moja kwa moja.

Sasa tazama kalenda. SPICE ilitoka 1973. Tanzania ilikuwa imeanza kompyuta mapema, mwaka 1965, Wizara ya Fedha ilipofunga mashine ya ICT 1500. Mradi wa kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta haukuleta mafanikio yaliyotarajiwa, fedha za kigeni zilikuwa haba, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Aliyeihitaji ilibidi aombe kibali. Ni rahisi leo kuwalaumu waliofanya uamuzi huo, lakini nchi iliyokuwa ikitafuta dola za kununulia mafuta na chakula ilikuwa na hoja. Gharama yake hata hivyo ilikuwa kubwa, na haikuwa ya mashine peke yake. Miaka hiyo ndiyo wahandisi wa nchi nyingine walipokuwa wakihama kutoka penseli kwenda kwenye programu. Kizazi kizima cha wahandisi wetu hakikuwapo darasani somo hilo lilipoanza. Marufuku ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980, wakati dunia imeshafika mbali.

Mwaka 1978 yalitokea mambo matatu ambayo napenda kuyaweka pamoja. Kampuni ya Calma ya Marekani ilitoa GDS II, mfumo wa kuhifadhi ramani ya chipu ambao viwanda vinaupokea mpaka leo. Huko MIT, Lynn Conway alifundisha kozi ya kubuni chipu ambayo haikuwa na mfano. Na hapa Arusha, kwa makubaliano ya Tanzania na Ujerumani Magharibi, ilifunguliwa Technical College Arusha, ambayo sasa ni Chuo cha Ufundi Arusha, ATC. Chuo hicho kikatoa mafundi sanifu wa umeme, wa magari, wa ujenzi na baadaye wa elektroniki. Walikuwa watu wa kushika vifaa kwa mikono na kuvielewa. Chipu, hata hivyo, iliingia karakana kama kijenzi kilichokamilika: unasoma namba iliyoandikwa mgongoni, unafungua kitabu cha maelezo, unaiunganisha.

Conway anastahili kukumbukwa na kila mwalimu. Mwaka 1968 IBM ilimfukuza kazi alipoeleza nia yake ya kubadili jinsia, akaanza maisha upya kwa jina jipya, akafika kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto. Yeye na Carver Mead wa Caltech waliona kwamba sheria za kuchora chipu zimekuwa siri ya kila kiwanda, zimejaa mambo ambayo mwanafunzi hayahitaji. Wakazipunguza zikawa kurasa chache, zikipimwa kwa kizio kimoja tu, ili mchoro mmoja uweze kukubaliwa na viwanda tofauti. Wanafunzi wa MIT walibuni chipu zao ndani ya muhula, zikatengenezwa, wakarudishiwa mkononi. Mwaka 1979 jaribio likapanuliwa: vyuo vikuu 12, michoro 82 ya wabunifu zaidi ya 100, yote ikapangwa pamoja kwenye silikoni ili gharama igawanywe. Kitabu chao kilitoka 1980. Mwaka 1981 serikali ya Marekani ikaanzisha huduma ya kudumu ya aina hiyo, MOSIS, na baadaye Berkeley chini ya John Ousterhout wakaandika Magic, programu ya kuchorea chipu inayokagua sheria wakati ule ule mbunifu anapochora. Magic ipo hai mpaka leo.

Ungedhani kalamu imeshafunguliwa. Kilichofuata kilikuwa kinyume. Miaka ya 1980 zilizuka kampuni za kuuza zana hizi: Mentor mwaka 1981, Synopsys mwaka 1986, Cadence mwaka 1988. Zana zao zilikuwa bora, na bila hizo simu ya mkononi isingekuwapo. Lakini leseni zake zilikuwa za bei ambayo chuo chetu kisingeweza hata kuijadili kwenye kikao cha bajeti. Viwanda navyo vilifungia maktaba za seli na sheria za kuchora ndani ya mikataba ya siri. Bila mkataba hupati vipimo. Bila vipimo huwezi kubuni chochote kitakachotengenezwa. Vyuo vya Ulaya viliungana kununua leseni kwa bei nafuu. Vyuo vya Afrika Mashariki havikuwa na muungano wa namna hiyo, na kwa hiyo somo la kubuni chipu lilibaki kuwa nadharia ubaoni.

Hatua moja ya kutia moyo ilikuja kupitia intaneti. Jesús del Alamo wa MIT alikuwa amejenga mwaka 1998 maabara ambayo mwanafunzi angeweza kuitumia akiwa mbali: anachagua transista, anatuma maelekezo, mashine inapima transista halisi na kurudisha namba. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mradi wa iLab-Africa, kwa fedha za Carnegie Corporation, uliunganisha MIT na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere cha Uganda na Obafemi Awolowo cha Nigeria. Kwa vyuo visivyokuwa na vifaa vya mamilioni, hiyo ilikuwa njia ya kumweka mwanafunzi mbele ya kipimo cha kweli. Shida ilikuwa njia yenyewe. Mpaka SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia angani kwa setilaiti, ghali na ya taratibu. Hata hivyo wahadhiri wetu walijifunza jambo ambalo halikusahaulika: maabara inaweza kuwa bara jingine na somo likafanyika.

Mwaka huo huo wa 2009, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela ilianza safari yake huko Tengeru, kwenye miguu ya Mlima Meru, ikiwa chuo cha shahada za juu pekee. Miaka kumi baadaye kituo cha umahiri cha TEHAMA cha Afrika Mashariki, CENIT@EA, kiliwekwa hapo kwa msaada wa Ujerumani na ushirikiano na Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha. Kikaanzisha shahada ya uzamili ya mifumo iliyopachikwa na ya simu. Wanafunzi wake hutengeneza vifaa vinavyopima na kuamua: vya shambani, vya hospitali, vya mita za maji. Ukiongeza ATC upande wa mjini, na Chuo cha Uhasibu upande wa Njiro, ambako kompyuta nayo hufundishwa, utaona kwamba mji huu una watu wa programu na watu wa vifaa ndani ya safari fupi ya daladala. Lakini moyo wa kila kifaa wanachojenga ni chipu ya kununua. Kama chipu hiyo ina kazi kumi na wao wanahitaji mbili, hununua zote kumi. Ikiadimika sokoni, kama ilivyoadimika mwaka 2021, kazi husimama.

Mlango ulifunguka tena mwaka 2020. Tim Ansell wa Google alitangaza kwamba kiwanda cha SkyWater cha Minnesota kimekubali kuweka hadharani vipimo vyake vya nanomita 130, pamoja na maktaba za seli. Hakuna mkataba wa siri wa kusaini. Mtu yeyote anaweza kufungua maktaba hiyo, akatazama mchoro wa seli tabaka kwa tabaka, na kusoma jedwali lake la ucheleweshaji kwa nyuzi 40 chini ya sifuri, 25 na 100. Teknolojia hiyo ilikuwa na umri wa karibu miaka 20, na wako waliodharau. Mimi naona umri huo ni neema. Kwa kupima unyevu wa udongo wa mkahawa au kuhesabu uniti za maji, nanomita 130 zinatosha na kubaki.

Zana nazo zilikuwa zimeiva. Yosys, iliyoandikwa na Claire Wolf wa Austria, hugeuza maelezo ya mbunifu kuwa orodha ya seli. OpenROAD, mradi ulioongozwa na Andrew Kahng wa San Diego kuanzia 2018, huzipanga na kuzifungia nyaya. Magic ya Berkeley hukagua sheria. Aliyezikusanya zote zikawa njia moja, ukiingiza maelezo upande huu unapata ramani upande ule, ni Mohamed Shalan, profesa wa Chuo Kikuu cha Marekani huko Kairo, akifanya kazi na kampuni ya Efabless. Njia hiyo ikaitwa OpenLane. Nataka wanafunzi wa Arusha walishike jina hilo la Shalan, kwa sababu wengi hudhani zana hizi zote ni kazi ya California. Zana iliyowafungulia mlango maelfu ya wabunifu wapya ilipitia mikono ya mwalimu wa bara hili.

Google ililipia utengenezaji wa michoro 40 ya kwanza, bure kwa wabunifu. Chipu ziliporudi zilikutwa na kasoro ya muda kwenye sehemu ya pamoja iliyozunguka kila mchoro: ishara ziliwahi kupita kiasi, biti zikasomwa vibaya. Ukaguzi wa muda haukuwa umefanywa sawasawa. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa wazi, watu kutoka nchi mbalimbali walikaa na kasoro hiyo, wakaieleza, wakatafuta njia ya kuizunguka, na zana zikarekebishwa. Katika kiwanda cha siri kasoro kama hiyo ingezikwa. Hapa ilikuwa somo la wote.

Bei nayo ilishuka. Efabless iliuza nafasi ya kutengeneza chipu 100 kwa dola 9,750. Mwaka 2022 Matt Venn akaanzisha Tiny Tapeout, ambako michoro mingi midogo hugawana chipu moja, kila mmoja ukipata kipande cha takriban mikromita 160 kwa 100, kinachotosha malango ya mantiki kama 1,000. Kwa mamia machache ya dola mwanafunzi anashika chipu yenye kazi yake ndani. Kisha Machi 2025 Efabless ikafunga milango kwa kukosa fedha, na chipu za watu wengi zikakwama. Lilikuwa pigo. Lakini zana hazikufa na kampuni: OpenLane imeendelezwa kwa jina la LibreLane, taasisi ya IHP ya Frankfurt an der Oder nchini Ujerumani imeweka wazi vipimo vyake, na GlobalFoundries ilikwisha kufanya hivyo kwa nanomita 180. Tiny Tapeout ikahamia kwingine ikaendelea.

Majirani hawajalala. Nyeri, kwenye chuo kikuu cha Dedan Kimathi, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited ya Anthony Githinji inafanya kazi ya semikondakta, na Mei 2024, Rais William Ruto alipozuru Washington, Marekani na Kenya zilitangaza ushirikiano katika eneo hilo. Kenya imeanzia upande wa kiwanda. Ni uamuzi wa kijasiri, nao unahitaji mtaji, maji safi, umeme usiokatika na subira. Kwa Arusha naona njia nyingine ndiyo inayotufaa: tuanze na ubunifu. Kiwanda cha kisasa ni mabilioni ya dola. Kubuni kunahitaji kompyuta mpakato ya kawaida, bando la kupakua gigabaiti kadhaa, na mwalimu aliyewahi kuipitia njia hiyo mwenyewe hadi mwisho.

Mwalimu huyo ndiye pengo. Zana ziko mezani. Kinachokosekana ni muhula mmoja kwenye ratiba. Mwanafunzi achore kigeuzi kwa Magic, akipime kwa ngspice, alinganishe namba zake na zile za maktaba. Kisha apitishe kihesabu cha biti nne kwenye LibreLane na asome ripoti ya muda mstari kwa mstari. Hayo yanaweza kuanza ATC na Tengeru muhula ujao bila kusubiri mfadhili. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ofisi zake ziko hapa hapa mjini, inaweza kulipia kila mwaka nafasi moja ya utengenezaji kwa ajili ya wanafunzi wa Arusha, Nyeri, Kampala na Kigali kwa pamoja, kama Conway alivyofanya kwa vyuo 12 mwaka 1979. Walimu wetu, wakuu wa idara na ninyi mnaopanga bajeti za Jumuiya: wekeni somo hilo kwenye ratiba, na fedha hizo kwenye bajeti ya mwaka ujao.